Kapiteni Koti na Nchi ya Chumvi

Mimi si mtu wa sherehe za watoto. Nafundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari hapa Kindu, na watoto nawaona vya kutosha tangu Jumatatu hadi Jumamosi. Kwa hiyo binti yangu Falone aliponiambia kwamba kutakuwa na mkutano wa wapenzi wa bede pale mtaa wa Kasuku, na kwamba watu watavaa kama mashujaa wa vitabuni, nilimwambia aende na shangazi yake. Bede ndivyo tunavyoita hapa kwetu vitabu vya hadithi za picha, vile ambavyo maneno ya mtu yanatoka mdomoni yakiwa yamefungwa ndani ya puto. Falone anazichora mchana kutwa, hata pembezoni mwa daftari la hesabu, na mwalimu wake wa hesabu amenilalamikia mpaka nikimwona sokoni nabadili njia.

Kilichonigeuza nia ni redio. Israël, kijana aliyeandaa mkutano, alitangaza kwamba mwenye albamu ya zamani ya bede, hata kama imechanika, aje nayo, na alasiri kila mwenye albamu atasimama mbele ya watu na kuisimulia. Nilikuwa nachambua mchele. Nikauacha.

Kuna albamu moja niliyokuwa nikiitafuta tangu wakati wa vita. Niliitafuta Kisangani nilipokuwa nasoma chuoni. Niliitafuta Kinshasa, nikipiga magoti mbele ya vitabu vinavyotandazwa chini kando ya barabara, mpaka wauzaji wakaanza kunitania kwamba nimepoteza mume humo. Jina lake silijui, maana ile niliyoiona mimi haikuwa na jalada. Nilichojua ni kwamba ilikuwa na mtu mwenye koti zito, na kwamba sikuwahi kuusikia mwisho wake. Huo mwisho niliutaka. Niliukosa nikiwa mtoto, na sikuona kwa nini niukose hadi kaburini.

Albamu yenyewe ilikuwa ya kaka yangu Anaclet. Alikuwa fundi cherehani, kijana wa miaka ishirini hivi, na cherehani yake ilikaa barazani kwetu kule mtaa wa Mikelenge. Miaka ile mji ulikuwa umezingirwa. Ukitoka kwenda shamba unakutana na wenye bunduki, ukibaki mjini unakutana na wengine. Treni ya kutoka Katanga ilikuwa imekoma, na kwa kukoma kwake sabuni ikakoma, vitambaa vikakoma, chumvi ikakoma. Mtu asiyewahi kula sombe, majani yetu ya muhogo, bila chumvi kwa miezi asinifundishe mimi maana ya vita. Mama alikuwa akichoma majani ya mtoni, anachuja majivu yake, na maji yale machungu ndiyo anayotia chunguni. Anaonja, anatema, anaonja tena, kama kwamba kuonja mara ya pili kutabadili kitu.

Anaclet hakuwa na kitambaa cha kushona, alibaki kutia viraka. Siku moja sokoni alimkuta mama muuza karanga akichana kitabu ili akunje vikaratasi vya kufungia karanga. Jalada lilikuwa limeshakwenda na karanga za mtu. Anaclet alimwomba akiache, akamwahidi kumrekebishia blauzi mbili, na akarudi nyumbani amekikumbatia. Baba yetu alikuwa ameshafariki, la sivyo angemuuliza kitabu kinaliwa na nini.

Kisha akafanya jambo ambalo sijaona mtu mwingine akilifanya. Alizichukua kurasa zote za kitabu kile, akazishona pembeni kwa uzi mweusi, ukurasa kwa ukurasa, kikafungwa kama mfuko wa koti. Kila alasiri alikata mishono ya karatasi moja tu kwa wembe, akaifungua, akatusomea. Watoto wa mtaa walikuja kila mmoja na tofali lake la kukalia. Tukimlilia aongeze, alisema, "Tukila yote leo, kesho tutakula nini?" Basi tulikula kidogo kidogo. Nafikiri hiyo ndiyo miezi niliyofurahi kuliko yote maishani mwangu, na naona aibu kidogo kusema hivyo juu ya miezi ya vita, lakini ndivyo ilivyo.

Kusoma kwake kulikuwa hivi. Alitushikia kitabu tuone picha, akapitisha kidole chini ya puto, midomo ikicheza polepole kwa Kifaransa, halafu akatuambia kwa Kiswahili. Hakukwama hata mara moja. Mimi nilikuwa nimeketi karibu yake kuliko wote, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namtungia uzi kwenye sindano, na nilimtazama ile midomo nikiapa moyoni kwamba nami nitakijua Kifaransa kama yeye.

Siku ya kwanza kabisa alipofungua ukurasa wa mwanzo, tuliona nchi nyeupe. Ardhi nyeupe, mapaa meupe, miti imebeba weupe kwenye matawi. Amuri, mtoto wa jirani, akauliza ni nini kile. Anaclet alitazama kidogo, akasema, "Chumvi."

Nyie, mtaa mzima ulishusha pumzi. Chumvi, tena imelala chini, hakuna wa kuilinda. Amuri alikuwa mbishi, akauliza mbona wale watu wamevaa makoti mazito hivyo. Anaclet akajibu kwamba chumvi nyingi inachoma ngozi, lazima ujifunike. Na ule moshi unaowatoka mdomoni? Wametoka kula sasa hivi, akasema, chakula cha moto, chenye chumvi ya kutosha. Amuri akameza mate.

Mwenye hadithi aliitwa Kapiteni Koti. Mji wake ulizingirwa na wabaya, watu wakakosa chumvi, watoto wakawa wanalia mbele ya sahani. Kapiteni Koti akaondoka kwenda nchi ya chumvi kuwaletea gunia moja. Kila karatasi ilikuwa na balaa lake: mara mbwa, mara askari wanaodai vyeti, mara mwanamke mrembo mwenye hereni ndefu anayetaka kumlewesha alale amwibie gunia. Sisi tulikuwa tunamwonya kwa sauti. Mama alijifanya anapepeta mchele ambao hakuwa nao, ili mradi akae karibu asikie.

Tulifika mahali ambapo karatasi zilizoshonwa zilibaki chache. Kapiteni Koti amesimama kando ya mto na gunia mgongoni, na ng'ambo, moshi wa mji wake unatoka kwenye mapaa. Hakuna daraja. Atavuka au hatavuka? Anaclet akafunga kitabu. Wenzangu walipokwisha kuondoka na matofali yao, aliniinamia akanipa ahadi. Kwa kuwa mimi ndiye mtunga uzi wake, alisema, mwisho nitausikia mimi kwanza, peke yangu, ndipo na wale wengine.

Lakini wiki ile wenye bunduki walianza kukamata vijana wa kubebeshwa mizigo, na yeye na wenzake wakaamua kutoka. Walipakia mafuta ya mawese kwenye baiskeli, wapite porini wafike barabara ya Lubutu, wakutane na watu wanaoleta chumvi kutoka Kisangani, wabadilishane, warudi. Kitabu alikifunga kifuani. Nikamuuliza kwa nini asiniachie. Alicheka akasema ananijua, nitakata uzi. Nikamwambia sijui Kifaransa, nitakata nisome nini? Akasema hata picha zinasema. Mama alimsindikiza mpaka mwisho wa mtaa. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, lakini mama alimwambia, "Weye urudie hata na mukono mutupu."

Hakurudi. Vita viliisha, barabara zikafunguka, na kila msafiri alikuja na habari yake. Mmoja alimwona Lubutu akishona. Mwingine alimwona Kisangani ana mke. Wa tatu alisema alimwona amevaa sare na kubeba bunduki, na mama alimfukuza huyo uani kwa ufagio. Wajomba walikuja kushauri tulale matanga, tumlilie, yaishe. Mama alikataa. Kwetu humkalii matanga mtu ambaye hakuna aliyekiona kifo chake, ukifanya hivyo unamzika angali hai. Mama alikufa akimngoja. Nyumba tuligawana na dada zangu, ila kule kungoja niliachiwa mimi peke yangu.

Basi ndiyo maana siku ya mkutano nilipanda pikipiki kwenda Kasuku. Falone alikaa katikati, amevaa kama shujaa aliyemtunga mwenyewe, joho la kitenge begani na kifuniko cha sufuria yangu mkononi. Joho lilipepea likamfunika dereva uso, nusura atupeleke mtaroni. Dereva alitutukana kwa heshima, akisema madamu, huyu malaika wako umfunge kamba.

Ukumbi ulikuwa umejaa na joto lilikuwa la kuivisha ndizi. Kijana mmoja alijitengenezea vazi la chuma la askari kwa sponji ya godoro, anatiririka jasho mpaka rangi ya fedha inamwagikia miguuni. Msichana alijipaka uso rangi ya kijani. Kulikuwa na wawili waliovaa kitu kimoja na wakaapa kutosemeshana siku nzima. Wengine walikuwa wameketi chini wakichora, na Falone alipotelea kwao dakika ileile. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Walikuwa na nyuso zilezile tulizokuwa nazo sisi pale barazani, midomo wazi, macho yanameremeta. Niliwaonea wivu, na nikafurahi kwamba wao wanaona haya yote wakiwa wameshiba.

Israël aliwahi kuwa mwanafunzi wangu, si hodari. Aliponiona alishangaa, akaniamkia, akanizungusha kwenye meza za albamu za zamani. Nilizitazama moja moja. Zilikuwapo zilizoliwa na mchwa, zilizochapwa upya kwa mashine, zenye mihuri ya shule ambazo hazipo tena. Yangu haikuwepo. Nilikunywa soda ya vuguvugu, nikajiambia kwamba nimekuwa mjinga mzima na nywele zinaanza mvi, na nikaanza kumtafuta Falone kwa macho ili nimwambie nakwenda zangu.

Wakati huohuo usimulizi ulianza. Mzee mmoja alisimulia ya wachawi, akasahau katikati, akapigiwa makofi. Kisha akapanda mwanamke wa rika langu. Israël alimtambulisha kuwa ni mama Joséphine, mkulima kutoka Obokote, kule upande wa Lubutu, ambaye mwanawe aliona tangazo kwenye simu, na amekaa njiani siku mbili juu ya pikipiki kwa ajili yetu. Kitenge chake kilikuwa safi ila pindoni kilikuwa na matope mekundu ya barabara. Kifuani alikumbatia kitu kilichofungwa nailoni. Hakukifungua. Alikohoa, akaanza bila salamu.

"Kulikuwa Kapiteni Koti," alisema. "Muji wake ulikosa chumvi."

Nilikuwa nimeshasimama kuondoka. Niliketi tena.

Alisimulia yote. Nchi nyeupe, chumvi imelala chini, makoti ya kuzuia isichome ngozi, moshi wa chakula cha moto mdomoni. Vijana walianza kucheka. Si cheko la ubaya, ila walicheka, na Israël kwa kutaka kumsaidia alimwomba kitabu, akafungua kurasa za mbele, akasoma puto mbili tatu. Akamweleza kwa upole kwamba hii si chumvi, mama, ni theluji, ile barafu ya Ulaya. Na huyu kapiteni anatafuta mkufu ulioibwa wa bibi mmoja tajiri. Ukumbi ukaangua kicheko.

Sikucheka. Nilikuwa nimepigwa na butwaa. Mimi, mwalimu wa Kifaransa, niliyeona theluji katika kila kitabu cha shule tangu nianze kazi, sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba nchi ya chumvi ilikuwa theluji. Katika kichwa changu hizo zilikuwa nchi mbili. Na hapo ndipo nilipoelewa jambo la pili, kwamba Anaclet hakujua Kifaransa. Aliacha shule akiwa darasa la nne, nilijua hivyo maisha yangu yote, na bado sikujumlisha. Ile midomo iliyokuwa ikicheza haikuwa ikisoma. Ilikuwa ikitafuta atuambie nini. Nami niliichukua nikasomea shahada nzima ili nimfikie.

Joséphine alingoja kicheko kiishe. Alimjibu Israël bila hasira kwamba anajua wazungu waliandika nini, mwanawe alikwisha kumsomea. Yeye anaeleza namna walivyoelezwa wao. Akaendelea mpaka mtoni. Kapiteni Koti amesimama na gunia mgongoni, ng'ambo moshi wa mji wake, daraja hakuna. Akaishia hapo.

Israël alimuuliza mwisho wake. Joséphine akakigeuza kitabu, akatuonyesha. Karatasi za mwisho zilikuwa bado zimeshonwa pembeni kwa uzi mweusi. Yule kijana wa vazi la sponji akatoa wembe, wa kuchongea penseli. Joséphine akakivuta kitabu kifuani.

"Mwenye kukata huu uzi iko hapa Kindu," alisema. "Njo ule nimekuja kumutafuta," yaani ndiye huyo aliyemjia.

Sikumbuki nilivyopita kati ya viti. Nakumbuka nilikuwa mbele, namtazama kwa chini, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Nilimwambia kwamba aliyeshona kile kitabu alikuwa fundi cherehani. Akaniuliza namjua wapi.

"Ni yaya yangu, kaka yangu mkubwa," nilisema. "Mimi ndiye nilikuwa namtungia uzi."

Halafu akasema, "Philomène."

Jina langu, kutoka mdomoni mwa mtu nisiyemjua. Basi hapo nilijua mambo mawili kwa pamoja, kwamba kaka yangu hakunisahau, na kwamba amekufa. Aliye hai angelileta jina hilo mwenyewe.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi nyuma ya ukumbi, kwenye kivuli cha ukuta, Falone akanijia akaniegemea na kifuniko chake cha sufuria magotini. Joséphine alinieleza. Anaclet alifika Obokote peke yake, wenzake wametawanyika njiani, akiwa anarudi, sio anakwenda. Mafuta alikuwa ameshayabadilisha, baiskeli imebeba gunia la chumvi. Mbele njia ilikuwa imefungwa kwa mapigano, na baba yake Joséphine akamwambia akae kwao mpaka itulie. Alikaa. Alishona nguo za watu kwa mkono. Bunduki hakushika, na nilimshukuru Mungu, maana ule uongo wa sare ulikuwa umeniwasha miaka yote. Alasiri aliwakusanya watoto, Joséphine akiwa mmoja wao, akawasimulia Kapiteni Koti kwa kile kitabu, na kila akifika mtoni anafunga. Wakilia aongeze, anarudia tangu mwanzo. Baba mtu mwenyewe alimsihi. Akajibu kwamba mwisho una mwenyewe, ni mdogo wake, anaitwa Philomène, yuko Kindu, na mpaka ausikie yeye kwanza, wengine watasubiri.

Mvua zilipoanza alishikwa na homa, na dawa haikuwepo. Baba yake Joséphine alimzika nyuma ya nyumba, mahali alipokuwa amemzika mama yake yeye mwenyewe. Walituma habari kwa kila aliyepita, lakini walijua Anaclet, Philomène na Kindu, basi, na Kindu ni kubwa. Yule baba alipokuwa anakufa, alimwachia Joséphine kitabu, akamwambia asikubali mtu akate uzi.

Nililia. Sitasema zaidi ya hapo, nililia mpaka Falone naye akalia bila kujua anamlilia nani. Joséphine alinishika mkono, hakuniambia ninyamaze.

Nilipotulia, alinipa kitabu na wembe wa yule kijana, ambao sikumwona alivyouchukua. Nilikata. Uzi ulikuwa umeoza, ulikatika hata kabla wembe haujakaza. Nilisoma zile karatasi zote kwa Kifaransa changu cha shahada. Kapiteni anavuka mto juu ya barafu. Anagonga mlango wa yule bibi tajiri, anatoa mkufu kutoka ndani ya gunia. Bibi anavaa mkufu, anamwandalia kahawa. Mwisho. Nilicheka kwa kwikwi. Miaka yote hii, Kisangani na Kinshasa na magoti yangu, kwa kikombe cha kahawa.

Joséphine hakuniuliza kimeandikwa nini. Aliniuliza kama Anaclet aliwahi kuniambia ule mwisho wa kwake. Nikamwambia hapana. Akatikisa kichwa, na nikaona mabega yake yameshuka, kwamba na yeye alikuwa amekaa siku mbili juu ya pikipiki na miaka ishirini na kitu juu ya tofali la kukalia kama letu, akingoja kile nilichokuwa nangoja mimi. Alidhani mimi ninao.

Ndani ya ukumbi watu walikuwa wanapigia makofi mtu mwingine. Mimi nikakumbuka neno moja alilolisema akalipita, nikamuuliza.

"Na ile chumvi?"

Aliangalia chini. "Tulikula," alisema.

Akaeleza kwa sauti ndogo. Kijiji chao nacho hakikuwa na chumvi. Mama yake alikuwa na mtoto mchanga dhaifu, naye mwenyewe miguu imevimba. Anaclet miezi yote alilala ameweka kichwa juu ya gunia, hakuligusa, alisema ni la mama yake. Alipoona homa haitamwacha, alimwita baba yake Joséphine akamwambia lifunguliwe. Waligawa kwa kikombe, nyumba kwa nyumba. Joséphine akasema, "Mama yenu atusamehe, dada. Tulikuwa na njaa ya ile chumvi."

Mimi nina hasira za karibu, waniulize wanafunzi wangu. Ilinipanda. Nilimwona mama ameinama juu ya chungu anaonja yale maji ya majivu, anatema, anaonja tena, na kumbe gunia lake lilikuwa linagawiwa vikombe Obokote. Ilikuwa chumvi ya mama. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo. Kilichotoka ni swali.

"Ilitosha?"

"Ilitosha mpaka mvua zikaisha," alisema Joséphine. "Hakuna nyumba ilikosa. Ule mutoto muchanga alipona, njo mdogo wangu, iko na watoto wake sasa."

Hasira haikuondoka yote. Hata leo haijaondoka yote, na sidhani mama angenitaka niseme vinginevyo. Lakini nilimwona na kaka yangu, amelala kwenye nyumba ya watu, anasikia watoto wanakula bila kulia. Alijua kusikiliza watoto. Angelala usingizi mzuri.

Joséphine alikunja kitenge chake kilipochafuka, akasugua tope kwa kidole. Halafu akaniuliza, kwa haya, kama mtoto anayejua ameshaambiwa asubiri.

"Sasa Kapiteni Koti alivuka ao hakuvuka?"

"Hakuvuka," nilisema. "Alibaki ng'ambo ile. Lakini chumvi ilifika kwa watoto."

Alifikiri kidogo.

"Hao watoto njo sisi," alisema.

"Njo nyinyi."

Wiki ile tulimlalia Anaclet matanga kule Mikelenge, kwenye baraza lilelile. Joséphine hakuondoka, alikaa mkekani pamoja nasi, upande wa wafiwa. Watu waliokuja kutoa pole walipouliza huyu ni nani kwetu, niliwajibu kwamba ni mtoto wa nyumba iliyomzika kaka yangu, na hakuna aliyeuliza tena.